Wapiga mbizi, tazameni geji ya hewa, jamani!

Agosti, kisiwa cha Gozo, Malta. Mtungi wa lita 12 umejazwa hewa hadi baa 200 (baa ni kipimo cha mgandamizo). Tumekubaliana nchi kavu: ikifika 100 nionyeshe, tukiibuka ibaki 50. Hapo pana ugumu gani? Mita 20 chini unamuuliza mtu hewa, anakukunjia vidole: sawa. Sawa ngapi? Nambari iko wapi? Unaivuta geji mwenyewe, sindano imelala kwenye 40, ndani ya wekundu! Na bado kuna dakika 3 za kusubiri kwenye mita 5 kabla ya kuibuka. Kwenye mita 20 kila pumzi inakula hewa mara 3 ya ile ya juu ya maji, naye anapunga mikono kama anafukuza nyuki. Wakufunzi wenzangu, hamjachoka? Kioo chenyewe kikubwa kama kisahani cha kahawa. Kitazameni!