Chatini ya Kosmosi

Shangazi yangu hana ugomvi na maua, ila haoni sababu ya kuyanywesha maji ya kununua. Sisi wa Kisauni tunaijua bei ya mtungi, kwa hiyo alipowasili kutoka Lamu na kukuta nimepanda kosmosi kando ya ukuta, swali lake la kwanza lilikuwa yanazaa nini. Nilimweleza kwamba asili yake ni Meksiko, kwamba huchanua kwa rangi ya waridi, nyeupe na zambarau, na kwamba hayataki ardhi yenye rutuba nyingi, hivyo mchanga wetu wa pwani unayatosha. Alinyamaza. Alfajiri iliyofuata, kwa huruma yake, aliyamwagia samadi yote ya kuku wa jirani.

Kosmosi ikishibishwa samadi huona hakuna haja ya kuchanua. Yangu yalipanda hadi kifuani, majani teletele, membamba kama nyuzi, bila tumba hata moja. Shangazi aliyazunguka, akafikicha jani moja, akatoa hukumu: muuza mbegu alinipunja, hii ni kotmiri. Kwa kweli kotmiri nayo inapokaribia kutoa maua, majani yake ya juu huwa nyuzi vivyo hivyo. Kotmiri ya kufika kifuani haijapata kuonekana Kisauni, lakini yeye aliiamini samadi yake.

Ijumaa ile tulikuwa tunamtarajia shemeji kwa chakula cha mchana. Shemeji ni mtu wa adabu sana isipokuwa mbele ya kotmiri, ambayo husema inanuka sabuni, na huichambua kwenye pilau jani moja moja na kuipanga ukingoni mwa sahani. Nilitumwa Kongowea kununua ndimu na nazi, nikakwama kwenye foleni, na niliporudi nilikuta kosmosi zimenyolewa vichwa vyote na bakuli la chatini ya kijani kibichi limekwisha kufika mkekani.

Shemeji aliinusa, akaionja kwa ncha ya kijiko, kisha akaivuta bakuli upande wake.

"Leo ndiyo nimekula kotmiri," alisema. "Haina ile harufu."

"Ni ya nyumbani," Shangazi alijibu kwa fahari.

Nilimwita jikoni nikamnong'oneza ukweli, huku nikipekua simu kwa mikono iliyotetemeka. Bahati yetu, kosmosi haina sumu, na ipo jamii yake moja ambayo watu wa Malesia na Indonesia huila mbichi kama mboga. Shangazi alipumua, akajifunga leso upya. "Kumbe nimempikia chakula cha Kimalesia," alisema, akarudi kumwongeza.

Kule kunyolewa kuliyafanya yatoe matawi mapya, mvua za masika zikaisafisha samadi, na hatimaye ukuta mzima ukachanua. Shemeji alipokuja tena alisimama mbele yake na sahani tupu mkononi, akayatazama kwa muda mrefu, akatikisa kichwa.

"Mazuri, Bi Mkubwa, lakini maua hayaliwi," alisema. "Kwa nini msiyang'oe mkapanda ile kotmiri yenu?"

Kabla sijafungua kinywa, Shangazi alinikanyaga mguu, akamwahidi mbegu.