Kwani simba wako wapi?

Jamani, hivi mtu anaingia msitu wa Jozani na spika ya nini? Nimepanda daladala kutoka mjini, tiketi nimekata, mdomo nimeufunga kama niko msikitini, ili nimwone kima punju, mnyama asiyepatikana porini popote ila huku kwetu Zanzibar. Nyuma yangu jamaa mwenye spika anauliza, "Kwani simba wako wapi?" Simba? Unguja?

Basi punju wakatokea. Mmoja kalishika jani kwa vidole vinne (dole gumba lake ni kama halipo), anatafuna taratibu, nywele nyeupe zimemsimama kichwani kama mzee aliyeamshwa ghafla. Nikashusha pumzi. Simu ya jamaa ikaita. Na akapokea! "Haloo! Niko porini! POORIIINI!" Baba, Pemba wamekusikia.

Na hayo manukato? Mbu wote wamemkimbia, wamenihamia mimi. Mwongozaji kasema tusiwasogelee. Jamaa kashawapa mgongo, anapiga selfi, fimbo inamtafuta mtoto wa kima jicho. Halafu anawarushia ndizi mbivu! Tumbo la punju ni la majani na matunda mabichi, ndugu yangu, si mbwa wa kahawani huyo. Kima hawa hula mkaa kutuliza sumu ya majani tumboni. Mimi siku ile gunia zima lisingenitosha.

Wakapanda juu kabisa, tukabaki tunatazama mikia. Jamaa akanigeukia, kakunja uso:

"Sasa mbona hawaonekani? Tumelipa bure!"