Swali la nane: tafakuri na wasiwasi wa tezi dume iliyotanuka

Mwanaume mwenye tezi dume iliyotanuka akifika kwa daktari, mara nyingi hupewa karatasi ya maswali ajaze. Saba ya kwanza ni ya mkojo: unaamka mara ngapi usiku, mkojo unakatika na kuanza tena, unajikamua kabla haujatoka, unabaki ukihisi kibofu hakijaisha. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 5, na jumla yake ni 35. Maswali hayo yalitolewa mwaka 1992 na chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani. Toleo la kimataifa likaongeza la nane, ambalo linaacha mkojo na kumgeukia mwenye mkojo: kama ingebidi uishi miaka yote iliyobaki na hali hii kama ilivyo sasa, ungejisikiaje? Hapo 0 ni furaha na 6 ni hali mbaya kabisa.

Naanza na karatasi hiyo kwa sababu mabishano kuhusu tafakuri na tezi dume yanachanganya maswali saba na lile la nane. Wanaoisifu tafakuri wanazungumza kana kwamba inatibu tezi. Wanaoibeza wanasema haipunguzi tezi hata kidogo, kisha wanafunga mjadala. Wa pili wana haki kuhusu tezi, ila mwanaume anayelala na hofu ya kibofu chake kila usiku hajajibiwa.

Tafakuri ninayoizungumzia ni ile ya uzingativu, ambayo wengi huiita meditesheni tu. Mtu hukaa au hulala, huweka mawazo yake kwenye kitu kimoja kilichopo sasa, mara nyingi pumzi, na akili ikitangatanga huirudisha bila kujilaumu. Sura yake ya kitabibu ilianzishwa na Jon Kabat-Zinn katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979: mafunzo ya wiki nane, darasa mara moja kwa wiki, na mazoezi ya nyumbani ya karibu dakika 45 kila siku. Haina sala wala kiapo, kwa hiyo mwenye dini yake haachi kitu chake mlangoni.

Sasa tumtazame mgonjwa mwenyewe. Ni saa nane usiku, na ameamka kwa mara ya tatu. Anasimama chooni kwa miguu ya baridi, anasubiri. Hakuna kitu. Anajikamua kidogo, bado. Anakumbuka safari ya kesho, saa nne nzima ndani ya basi, na moyo unaanza kwenda mbio. Mkojo unakuja kwa matone, unakatika. Anarudi kitandani akijiuliza kama hii bado ni tezi tu au imeshakuwa saratani, na dakika ishirini baadaye anahisi haja tena, akiwa hajui kama ni kibofu kinachomwamsha au ni mawazo.

Mwili wake pale chooni unafuata sheria zake. Ili mkojo utoke, msuli wa kibofu lazima ukaze na shingo ya kibofu ilegee. Hofu inaamsha ule upande wa mfumo wa neva unaotuandaa kupigana au kukimbia, na kemikali yake, noradrenalini, inakaza misuli laini ya shingo ya kibofu na ya tezi dume yenyewe. Dawa za tezi dume kama tamsulosini hufanya kazi kwa kuziba vipokezi vya kemikali hiyohiyo, ndiyo maana humlegeza mtu ndani ya siku chache bila tezi kupungua hata gramu moja. Na ndiyo maana baadhi ya dawa za kuzibua pua, zinazoiga kemikali hizo, zinaweza kumfunga mkojo kabisa mwanaume mwenye tezi kubwa.

Kwa hiyo hoja ya watetezi ina mguu wa kusimamia. Mlango ambao dawa inaufungua ndio ambao hofu inaufunga, na kinachotuliza hofu kinaweza kuulegeza kwa kiasi fulani. Lakini ni kwa kiasi fulani tu. Sehemu nyingine ya tatizo ni nyama: tezi inayokua polepole kwa miaka mingi chini ya homoni za kiume na kuubana mrija wa mkojo unaopita katikati yake. Pumzi haigusi nyama hiyo. Hata finasteridi, dawa inayoizuia homoni husika, huchukua miezi kadhaa kupunguza ukubwa wa tezi kwa karibu robo.

Ushahidi nao ni mzuri kuliko wapinzani wanavyokubali, na mwembamba kuliko watetezi wanavyodai. Mwaka 2014 jarida la tiba la Marekani, JAMA Internal Medicine, lilichapisha uchambuzi wa majaribio 47 yenye washiriki 3,515. Programu za tafakuri zilipunguza wasiwasi kwa kiwango kidogo hadi cha wastani, lakini hazikuzipita tiba nyingine zilizolinganishwa nazo, kama mazoezi ya mwili au dawa. Miaka michache baadaye jaribio jingine la Marekani liligawa watu 276 wenye magonjwa ya wasiwasi katika makundi mawili: wengine mafunzo ya wiki nane, wengine esitalopramu, dawa inayotumika sana kwa wasiwasi. Matokeo yalikaribiana kiasi kwamba tafakuri haikuonekana kuwa dhaifu kuliko dawa.

Hapo watu hushangilia, na mimi pia nilifurahi. Kisha nikatazama ni nani waliohesabiwa katika jaribio hilo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 33, na robo tatu walikuwa wanawake. Mzee wa miaka 68 anayejua kila choo kilichopo njiani mwake hafanani na washiriki hao. Wasiwasi wake una chanzo kinachoonekana na kupimika, na kinachomrudia kila baada ya saa mbili. Kuhamisha matokeo ya kundi moja kwenda jingine kunawezekana, ila si jambo la kufanya kwa kauli ya uhakika.

Kuna sababu nyingine ya kwenda polepole, na hii inatoka ndani ya historia ya tezi dume yenyewe. Dalili zake hupanda na kushuka zenyewe, na mwanaume anayeshughulikiwa kwa makini hupata nafuu hata akipewa kidonge kisicho na kitu. Kwa miaka mingi dondoo la matunda ya mmea uitwao saw palmetto lilisifiwa na wanaume waliolimeza na kulala vizuri. Jaribio la mwaka 2006 lenye wanaume 225, lililodumu mwaka mzima, halikuona tofauti na kidonge tupu, na la mwaka 2011 liliongeza dozi hadi mara tatu, likaambulia jibu lilelile. Wale wanaume hawakuwa waongo, maana nafuu waliihisi kweli. Anayesema leo kuwa tafakuri imempunguzia safari za chooni naye namwamini, ila simtumii kama ushahidi kwa jirani yake.

Upande wa pili, nafuu inayotokana na kushughulikiwa haifai kudharauliwa. Jaribio la Uingereza la mwaka 2007 liliwafundisha wanaume wenye dalili hizi mambo ya kawaida: kuelezwa ugonjwa na kutolewa hofu ya saratani, kupanga muda wa kunywa, kupunguza kahawa na pombe, kukizoesha kibofu kusubiri. Baada ya miezi mitatu, tiba ilishindikana kwa asilimia 10 ya waliofundishwa, na kwa asilimia 42 ya waliopata huduma ya kawaida tu. Ningekuwa na fedha ya kufundisha jambo moja pekee, ningeanza na hili kabla ya tafakuri. Lakini tazama lile zoezi la kukizoesha kibofu. Haja inapokuja, mtu hakimbii. Anasimama, anavuta pumzi, anaiangalia ikipanda kama wimbi, ikifika kileleni, ikishuka. Hiyo ni tafakuri ya uzingativu iliyopewa jina la kliniki, na sidhani aliyejifunza kutulia kwenye kiti atashindwa kutulia mlangoni mwa choo.

Pingamizi moja nalichukua kwa uzito kuliko mengine. Mwenye wasiwasi wa kibofu tayari anakisikiliza kupita kiasi. Ukimwambia alale chali na kupitisha mawazo yake kwenye kila kiungo cha mwili, akifika tumbo la chini atakwama hapo, na haja ambayo haikuwepo itazaliwa. Baadhi ya watu, wakiwemo wasio na ugonjwa wa mkojo, huona wasiwasi wao ukipanda wanapokaa kimya na mwili wao. Mwalimu mzuri atamwanzisha mtu kama huyo kwa sauti za nje au kwa nyayo zinavyogusa sakafu, na kukiacha kibofu hadi wiki za mwisho. Sauti iliyorekodiwa kwenye simu haina macho ya kuona kwamba mtu amekakamaa.

Lakini hatari kubwa kwangu ni pale tafakuri inapofanikiwa. Daktari huamua mengi kwa kuangalia kero ya mgonjwa. Kama dalili hazimsumbui na vipimo viko sawa, wote wawili husubiri na kufuatilia, na uamuzi huo ni halali kabisa. Tafakuri inashusha kero. Je, ikimtuliza mwanaume ambaye kibofu chake hakijimalizi, mkojo unabaki ndani kila siku, mawe yanajijenga, na figo zinaanza kubeba mzigo kimyakimya? Swali la nane litasema yuko salama. Vipimo vya damu na ultrasaundi vitasema kingine, kama kuna aliyevipima.

Ndiyo maana naiunga mkono kwa mpangilio, vipimo kwanza. Tezi kutanuka si saratani wala haigeuki kuwa saratani, lakini vyote viwili vinaweza kukaa ndani ya mwanaume mmoja, na kuamka usiku kunaweza kuletwa na kisukari, moyo au usingizi wenye kukoroma na kukatika pumzi. Anayeona damu kwenye mkojo, au aliye na homa na maumivu, hana la kutafakari, aende hospitali. Na ambaye mkojo umefunga kabisa, tumbo limejaa na kuuma, asikae kuhesabu pumzi hata dakika kumi, anahitaji kuwekewa mpira wa kutoa mkojo siku hiyohiyo.

Kwa aliyekwisha kupimwa na kuambiwa anaweza kusubiri, au aliyeanza dawa na bado hofu haijamwacha, ningependa kliniki ifanye jambo dogo. Ijaze ile karatasi kabla ya mafunzo na ipime mkojo unaobaki kibofuni baada ya kukojoa. Wiki nane zikiisha irudie vyote viwili. Alama ya swali la nane ikiwa imeshuka kutoka 5 hadi 2 na mkojo unaobaki uko palepale, mwanaume huyo amepata usingizi wake bila kulipa kwa figo zake, na aendelee. Alama ikiwa imeshuka huku mkojo unaobaki umepanda, daktari abadilishe tiba wiki hiyohiyo, hata kama mgonjwa ameketi mbele yake akiwa ametulia na kusema hana shida.