Siku pantoni nzima ilipokaa chini

Kuna watu Dar wanalipa kiingilio kwenda kuchekeshwa ukumbini, mi nawashangaa, maana pale Magogoni kwa 200 tu unavushwa na pantoni mpaka Kigamboni na kichekesho wanakuongezea bure. Safari yenyewe dakika chache, ukianza kunogewa na ubishi wa Simba na Yanga ushafika, ila ndani ya hizo dakika utakuta mtu kabeba mlango mzima, mwingine kanyanyua keki ya harusi juu ya vichwa vya watu, mhubiri, muuza kashata, guta limejaa magodoro, na wote wanataka kusimama hapo hapo uliposimama wewe.

Sasa dada yangu anaishi huko ng'ambo, na kipindi hicho alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba yenye amri balaa. Mara udongo, mara ukwaju, mara anataka tu anuse sabuni ya mche. Jumamosi moja asubuhi kanipigia, wala salamu hakuna: "Nataka kaa wa nazi. Na wawe wa Feri, wawe wanatembea, usiniletee wa kwenye barafu." Mwanae Junia, yuko darasa la kwanza, alikuwa kalala kwangu Kinondoni, kwa hiyo kazi ikawa moja, mrudishe mtoto na kaa juu.

Feri, lile soko la samaki pale pale Magogoni, anayeijua anaijua. Mnada unapigwa huku, wapara samaki wanarusha magamba kule, chini maji maji tu, na juu ya bati kunguru wamejipanga wanasubiri mtu azubae. Tukampata kijana mmoja kavaa buti za mvua, beseni lake limejaa kaa wamefungwa magando kwa kamba ya katani. Junia akachuchumaa, akawaangalia weee, akauliza, "Anko, wameiba nini?"

Kijana wala hakutikisika. "Wezi wote hawa dogo. Yule mkubwa ndo kiongozi wao."

Akaanza kumpa darasa kabisa. Kaa unamshika kwa nyuma, pale gando halifiki. Akamgeuza mmoja, akamwonyesha kile kifuniko cha tumboni, kikiwa chembamba huyo dume, kikiwa kipana jike. Junia kakaza macho utadhani kesho ana mtihani, halafu akauliza tena, "Hizo kamba zinawauma?" Yule kijana akacheka, mi nikacheka, nikalipa 25,000 yangu kwa kaa sita, hilo swali likabaki linaelea bila majibu na ndo lililotuponza.

Wakawekwa kwenye mfuko mbadala. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 ndo mwendo huo, na mi sina ugomvi na mazingira, ila ile mifuko ukibebea kitu cha maji maji mkono wake unakuwa wa kuuombea dua.

Kwenye banda la kusubiria watu walikuwa nyomi. Pantoni moja ndo kwanza iko ng'ambo inashusha. Mbele yangu wababa wawili wanabishana penalti ya juzi, mmoja anasema mguu ulikuwa ndani ya boksi, mwingine anasema boksi gani, na kila mmoja ananigeukia mimi kama refa. Junia kakaa chini pembeni ya mfuko, katulia tuli. Mwenye mtoto atanielewa, mtoto akitulia vile kimbia ukaangalie. Wiki ile ile shuleni walikuwa wamefundishwa kufunga na kufungua kamba za viatu, na inaonekana somo lilimwingia vizuri sana.

Geti likafunguliwa. Pale hakuna kutembea, geti likifunguliwa kila mtu anakimbia hata asiye na haraka, nikamshika mtoto mkono huu, mfuko mkono huu, mbio mpaka ndani, tukapata kaupenyo kati ya bajaji na guta la magodoro. Pantoni ikang'oa. Upepo mzuri, Ikulu ile pale inaonekana na miti yake, nikasema haya maisha si ndo haya.

Karibu yetu kuna jamaa akapanda juu ya kindoo chake akaanza kunadi dawa ya wadudu. Anajua kuongea huyo mtu! "Mabibi na mabwana, mende, kunguni, siafu, panya, ukipuliza hii mara moja, nasema mara moja, hakuna kiumbe chenye miguu kitakachokatiza mbele yako!"

Hapo hapo mkono wa mfuko ukakatika.

Nilisikia pwaa, nikainama haraka nikijua nakuta kaa wamelala na pingu zao. Nakuta mmoja ana kamba, wengine kamba hawana, na kamba zenyewe zipo mfukoni zimekunjwa vizuuuri zimewekwa pembeni. Nikamwangalia Junia. Junia akaniangalia. "Nimemwacha kiongozi tu," akasema, "si ndo alikuwa mwizi."

Na wa kwanza kukatiza, kwa mwendo wake ule wa ubavu, magando juu, akapita mbele kabisa ya yule muuza dawa. Watu wakampigia kelele, "Mpulizie sasa! Mpulizie tuone!" Jamaa kashuka kwenye kindoo, kafunga chupa yake, akasema kwa heshima zote, "Jamani huyo si mdudu, huyo ni kitoweo."

Dada mmoja nyuma ya bajaji kaguswa kisigino. Alichopiga si ukelele, ni king'ora. "KAA! KAA! KAA!" Basi wale wa karibu wakawa wanaruka, mmoja kapanda kwenye magodoro na viatu vyake, ila wale wa mbali ambao hawaoni kitu, wao kusikia "kaa! kaa!" wakakaa. Naapa. Nusu pantoni ikashuka chini kwa mpigo, wazee, wanafunzi, mama na mtoto mgongoni, mwenye keki naye kachuchumaa nayo kaikumbatia, mhubiri kaanza kukemea, na mhudumu mmoja mwenye boya begani akawa anauliza, "Nani kawaambia mkae? Nani katoa amri?" Hakuna anayejua. Wakaendelea kukaa.

Mi nimetambaa kama askari vitani, nakamata huyu kwa nyuma kama tulivyofundishwa, natumbukiza kwenye kindoo cha muuza dawa, maana kaniazima mwenyewe, roho nzuri kweli yule mtu. Wanne nikawa nao. Wa tano nikamsikia kabla ya kumwona.

"We kijana! Kijana wee! Njoo umtoe mnyama wako!"

Alikuwa mama wa makamo, kavaa dera la njano, pochi kubwa begani, na kwenye mkanda wa pochi pale kaa kang'ata kwa gando lake kaning'inia kwa raha zake. Nikavuta, kaa naye akavuta. Jamaa wawili wakaja kusaidia, mmoja anashika mama, mmoja anashika pochi. Mzee mmoja wa barghashia, aliyekuwa kakaa chini na wenzake wala hana wasiwasi, akasema, "Msimvute, mtamkata gando. Kaa mpe maji, ataachia mwenyewe."

Kabla hajamaliza, mtu kafungua chupa ya maji baridi kamwaga yote. Kaa hakuachia. Yameingia kwenye pochi.

"Simu yangu! Kitambulisho changu! Vitumbua vyangu!"

"Nilikuwa nasema umzamishe kwenye ndoo," mzee akasema.

Tukasogeza ndoo ya jamaa mmoja aliyekuwa anarudi na dagaa wake, tukatumbukiza kaa pamoja na kipande cha mkanda, tukasubiri, mama kainama na ndoo watu wamemzunguka kimya. Kaa akafikiria mambo yake, akaachia.

Pantoni ishafika, mlango wa mbele unashushwa, watu wanainuka wanajikung'uta, na yule wa sita hajulikani alipo. Dereva wa bajaji akakataa kuwasha. "Yuko chini yangu, namsikia anakwaruza. Mi nimevaa ndala, siwashi." Magari nyuma yanapiga honi, mhudumu anapiga makelele, "Mwenye kaa wake! Mwenye kaa wake atoe tuondoke!" Junia akaniachia mkono, akalala kifudifudi na shati jeupe lile, akaingia chini ya bajaji, akatoka na kaa kamshika kwa nyuma, vidole vyake vidogo vimekaa pale pale alipoonyeshwa. Akamgeuza, akamkagua tumbo, akawatangazia watu, "Jike!" Pantoni nzima ikapiga makofi, mpaka mwenye keki.

Yule mama wa dera tukamkuta ananisubiri nje, kwenye vibanda vya chipsi. Nikajua nimekwisha. Nikaanza, "Mama shikamoo, samahani sana, ile simu..."

"Simu inawaka. Nipe yule."

"Yule nani mama?"

"Yule aliyening'ang'ania. Vitumbua vyangu vimelowa, mimi na yeye tuna hesabu."

Nikamchagulia, akamkataa, akasema si huyo, anamjua sura. Akamtoa mwenyewe, akafunga kamba kwa fundo moja la haraka ambalo hata Junia alilitamani, akaondoka naye.

Nyumbani dada kahesabu, watano. Akauliza mmoja yuko wapi, Junia akamjibu, "Kachukuliwa na mama mmoja, walikuwa wanapendana." Nikaanza kusimulia, dada kacheka mpaka akashika tumbo akasema basi, basi, basi, shemeji katoka ndani mbio na begi la hospitali mkononi kadhani mambo yameanza. Alipoelewa kumbe ni habari za kaa, akakaa kitini akatuangalia mmoja mmoja.

"Yaani mmetoka nao Feri? Shemeji yangu, huku kwani hawapo?"

Kabla sijapata la kujibu, nje ya geti ikapita baiskeli na kikapu nyuma, mchuuzi anaita kwa sauti yote aliyopewa na Mungu, "Pweeeza! Kaaa! Kaaa! Kaaa!"

Junia akakaa chini.