Mistari ya "Studio Nyekundu" Haikuchorwa

Wengi wanaonakili "Studio Nyekundu", picha ya mchoraji Mfaransa Henri Matisse, hukosea mahali pamoja. Hupaka kanvasi yote nyekundu, ikishakauka wanachukua brashi nyembamba na kuchora kiti, meza na kabati kwa njano. Wekundu unabaki nyuma, mistari inakaa juu yake, na chumba kinapotea.

Matisse alifanya kinyume. Mwaka 1911 alichora studio yake ya Issy-les-Moulineaux, jirani na Paris, kwa rangi nyingine kabisa: kuta buluu, sakafu waridi, samani njano ya udongo. Kanvasi yenyewe si ndogo, ina sentimita 181 kwa 219. Rangi hizo zilipokauka ndipo akaleta wekundu. Akaupitisha kando ya picha na vinyago vilivyomo chumbani bila kuvifunika, na kwenye kila ukingo wa samani akaacha upenyo mwembamba. Ule mstari wa meza iliyo chini kushoto ni rangi ya mwanzo iliyoachwa wazi. Ukiutazama kwa karibu, unapanuka na kubana kadiri brashi ya wekundu ilivyosogea huku na huku. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema hii ni picha rahisi: humo mna michoro miwili, mmoja juu ya mwingine.

Kuna jambo jingine la kijasiri. Pale kuta mbili zinapokutana, mstari wa kona hakuuweka, kwa hiyo ukuta mmoja unamwagikia mwingine. Kina cha chumba tunakipata hasa kwenye mishazari ya meza na kiti. Sergei Shchukin, tajiri wa Moscow aliyekuwa mnunuzi wake mkubwa, aliikataa picha hii. Ilipita London mwaka 1912 na New York mwaka 1913 bila kupata mnunuzi, na tangu 1949 imo katika MoMA, jumba la sanaa ya kisasa la New York.

Ukitaka kuijaribu mbinu hii, chagua wekundu wa oksidi ya chuma, ule unaokaribia tofali la kuchoma. Simu nyingi huuonyesha mkali kupita kiasi. Rangi hii ni nzito na hufunika buluu vizuri, wakati wekundu unaopitisha mwanga ungegeuka zambarau juu yake. Usiharakishe tabaka la chini. Rangi ya mafuta ikiwa bado mbichi, brashi huikokota buluu na wekundu wote unachafuka. Rangi ya akriliki husubiri saa chache tu, mafuta yanaweza kutaka wiki kadhaa. Utepe wa kuziba usiutumie hata kidogo, kwa sababu ukingo hutoka umenyooka kama wa rula na mkono wa mchoraji hauonekani tena. Shika brashi bapa, anza katikati ya eneo, sogea pole pole kuelekea ukingo, na usimame milimita chache kabla ya kuufikia.