Uzito ukirudi baada ya upasuaji: alaumiwe au atibiwe?

Mtu wa Mtwara aliyepunguzwa tumbo la chakula kwa upasuaji husemwa mara mbili. Kilo zinapoporomoka, mtaa hunong'ona kwamba kaisha, labda anaumwa. Mwaka wa nne au wa tano, mwili ukianza kujaa tena, wale wale humsifu usoni kwamba sasa amenawiri, na akishapita husema pesa zote zile zimekwenda bure. Wengi humhukumu hivi: alipewa nafasi, akaichezea.

Hoja hiyo ina uzito wake. Katika upasuaji uitwao slivu, takriban robo tatu ya tumbo hukatwa na kutolewa, ukabaki mfuko mwembamba. Mfuko huo unaizuia sahani ya ugali, lakini hauna nguvu juu ya kinachoteleza wala kinacholiwa kidogo kidogo. Na huku kwetu Kusini vya kudokoa havikosekani. Gramu 100 za korosho zina kalori 550 hivi, na msimu ukifika bakuli halitoki barazani. Anayedokoa tangu asubuhi hadi magharibi hahesabu kwamba amekula, kwa kuwa hakuketi mezani hata mara moja. Chai ya sukari, soda na togwa navyo hupita bila kushibisha. Uraka, ile pombe ya mabibo, ni hatari zaidi: aliyefanyiwa baipasi, yaani aliyeunganishiwa utumbo kwa njia fupi, pombe humwingia kwenye damu haraka na kwa nguvu kuliko zamani, na miongoni mwao wapo wanaoishia kwenye ulevi. Ongeza unyago, harusi na arobaini, ambako kukataa sahani ya pilau ni kumvunjia heshima mwenye shughuli. Kwa hiyo anayesema tabia zina mchango hasemi uongo.

Ila tabia peke yake haielezi yote. Mwili uliopoteza kilo nyingi huona kama umepatwa na njaa: hupunguza nishati unayotumia hata mtu akiwa amelala, na hamu ya kula iliyotulia baada ya upasuaji huweza kurudi taratibu. Utafiti mkubwa wa Sweden, ulioanza mwaka 1987, uliwafuatilia waliopasuliwa kwa miaka mingi. Waliofanyiwa baipasi walipungua wastani wa asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka wa kwanza na wa pili. Kufikia mwaka wa 10 walikuwa wamebaki na upungufu wa asilimia 25. Huo ni wastani wa kundi zima, na siwezi kuamini kwamba kundi zima lilikuwa la wazembe. Zipo pia sababu zisizohusiana na sahani kabisa: mfuko kutanuka, ujauzito, tezi ya shingoni kufanya kazi polepole, dawa za steroidi, insulini, hata sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu kwa baadhi ya wanawake.

Hesabu nayo husahaulika. Mama wa Masasi aliyekuwa na kilo 130, akashuka hadi 85, leo akiwa na 95 ataambiwa amerudi kule kule. Bado yuko kilo 35 chini ya alipoanzia, na kisukari na presha vinazitambua kilo hizo hata kama majirani hawazioni.

Mimi naegemea upande wa matibabu, na sababu kubwa ni kile ambacho lawama hufanya. Mtu akiona haya haendi kliniki. Asipokwenda, hakuna anayempima damu, na aliyepasuliwa tumbo anahitaji vitamini B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D maisha yake yote. Anaweza kuwa ananenepa huku damu yake inapungua na ganzi inaanza miguuni. Hilo linanitisha kuliko kilo 10 zilizorudi.

Wengine hukimbilia upasuaji wa pili. Una maana kwa baadhi, hasa mwenye slivu anayeteswa na kiungulia kikali, ambaye anaweza kubadilishiwa kuwa baipasi. Lakini hatari zake kwa kawaida ni kubwa kuliko za ule wa kwanza. Sindano za kila wiki za semaglutaidi, dawa ya kupunguza hamu ya kula, husaidia, ila ni ghali, zinataka friji, na katika utafiti mmoja walioziacha walirudisha takriban theluthi mbili ya uzito walioupoteza ndani ya mwaka mmoja. Anayezianza ajue anaanza safari ndefu.

Kabla ya kufikiria kupanda basi la Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, kuna kazi inayoweza kuanzia hapa hapa Mtwara, hospitali ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini: kupima uzito na damu, na kupitia dawa zote anazotumia. Aende na ripoti ya upasuaji, maana slivu na baipasi hazifuatiliwi kwa namna moja. Nyumbani samaki, dagaa, kunde au choroko vitangulie kwenye sahani, muhogo na ming'oko vifuate kama nafasi imebaki. Korosho zihesabiwe kwenye kiganja, bakuli lirudi jikoni. Na daktari atakayempokea aanze kwa kumuuliza anakula saa ngapi, analala vipi na anatumia dawa gani, kabla ya kumuuliza kwa nini amenenepa.