Mbadala atajwe kabla ya filimbi

Hakuna jambo linalogombanisha watu kwenye ligi za fantasi, ile michezo ya mtandaoni ambamo unapanga kikosi cha wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani, kama mchezaji uliyempanga kikosi cha kwanza halafu hakuingia uwanjani. Sizungumzii majeruhi wa muda mrefu, maana huyo kila mtu anamjua na humtoa mapema. Nazungumzia yule aliyefanya mazoezi wiki nzima, kocha akasema yuko fiti, kisha kikosi kinatangazwa na jina lake halimo. Pointi sifuri. Hapo ndipo meseji zinapoanza kumiminika kwenye kundi la ligi: msimamizi, tafadhali niwekee fulani badala yake, ningejua ningempanga yeye.

Mimi nasema ombi hilo lisikubaliwe hata siku moja. Na papo hapo nasema ligi isiyo na njia ya kumbadilisha mchezaji asiyecheza haijakamilika. Njia iwepo, lakini jina la mbadala liwe limeandikwa kabla mpira haujaanza, na baada ya hapo mkono wa mtu yeyote, awe mwenye timu au msimamizi, usiguse kitu.

Fantasi ya Ligi Kuu ya England, ambayo wengi wetu tunaiita FPL, imelipatia jambo hili kuliko mchezo mwingine wowote ninaoufahamu. Una wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3. Kumi na mmoja wanaanza na wanne wanakaa benchi, na wale watatu wa benchi wasio makipa unawapanga kwa foleni. Wiki ya mechi ikimalizika, mfumo unatafuta nani kati ya waliopangwa hakucheza kabisa, kisha unamwingiza wa kwanza kwenye foleni, akishindikana wa pili, akishindikana wa tatu. Kipa hubadilishwa na kipa mwenzake tu. Na mpangilio wa timu hauvunjwi: lazima wabaki mabeki wasiopungua 3 na mshambuliaji angalau 1.

Sharti hilo la mwisho ndilo watu wengi hulisahau. Tuseme umepanga 3-4-3 na beki mmoja hakucheza. Wa kwanza benchi ni kiungo aliyefunga mabao mawili, wa pili ni beki aliyeambulia pointi 1. Anayeingia ni beki. Kiungo anarukwa, kwa kuwa akiingia yeye timu itabaki na mabeki wawili. Nimesikia watu wakiapa kwamba mfumo umewaibia, ilhali wangeanza na mabeki wanne kiungo yule angeingia bila tatizo. Kupanga benchi ni kazi yenye akili yake, na mimi naipenda kwa sababu hiyo: inamlipa aliyekaa akajiuliza Ijumaa, je, huyu asipocheza nitabaki na nani?

Kwa nini FPL inatoa mbadala? Kwa sababu imekunyima taarifa makusudi. Mlango wa kubadilisha kikosi unafungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki, na vikosi vya Ligi Kuu hutangazwa dakika 75 kabla ya mechi. Kwa hiyo hata kikosi cha mechi ya kwanza kabisa hukioni kabla hujafungiwa nje, sembuse kile cha Jumatatu usiku. Aliyewahi kumiliki mchezaji wa Pep Guardiola, kocha anayejulikana kwa kubadilisha kikosi mara kwa mara, anaijua hali hii vizuri sana. Unapanga gizani, na benchi ndiyo fidia ya giza hilo. Pale ambapo kutokuwepo kwa wachezaji kunajulikana mapema, FPL hutumia dawa tofauti: msimu wa 2025/26, wachezaji wengi walipokuwa wanaondoka kwenda AFCON nchini Morocco, kila mwenye timu ya fantasi alijaziwa usajili wa bure, yaani nafasi za kubadilisha wachezaji bila kukatwa pointi, hadi kufikia 5. Pengo linalojulikana unalisajilia mtu. Pengo la ghafla unaliachia benchi. Naona mantiki yake imenyooka.

Sasa tuje kwenye lalamiko kubwa kuliko yote, la dakika moja. Mshambuliaji wako anakaa nje mechi nzima, dakika ya 89 kocha anamwingiza ili kupoteza muda. Amepata pointi 1. Kwa sababu amegusa uwanja, hesabu inasema amecheza, na yule wa benchi mwenye pointi 12 anabaki alipo. Akiwa ni nahodha wako, ambaye pointi zake huzidishwa mara mbili, ndiyo balaa zaidi: pointi 1 inageuka 2, na nahodha msaidizi hapati cha kuongezewa, kwa kuwa msaidizi huchukua nafasi pale tu nahodha asipocheza kabisa.

Inauma, nakubali. Hata hivyo siungi mkono wanaotaka kiwekwe kiwango cha dakika, iwe 10, 15 au 30. Chukua kiwango cha 15. Mchezaji wako anaingia dakika ya 80 na anafunga bao la ushindi. Je, mfumo umtoe kwa kuwa hakufikisha dakika 15, bao lake litupwe, aingie beki wa benchi mwenye pointi 2? Watetezi wa kiwango hujibu haraka kwamba hapana, huyo abaki kwa kuwa ana pointi nyingi. Basi tayari tumeshaacha kuzungumzia nani hakucheza, tunazungumzia nani alipata pointi nyingi, na hilo ni shindano jingine kabisa. Wamarekani wanalo, linaitwa Best Ball: unachagua kikosi mara moja, kisha kila wiki mfumo unakuokotea waliofanya vizuri. Ni mchezo mzuri kwa anayeupenda. Lakini humo hakuna uamuzi wa nani aanze na nani akae, na kwangu mimi uamuzi huo ndio moyo wa fantasi.

Mstari kati ya aliyecheza na ambaye hakucheza ndio pekee ambao mpira wenyewe umeuchora. Ukiusogeza hadi dakika ya 10, kilio kitahamia kwa aliyecheza dakika 11.

Kuna kipengele kimoja tu cha FPL ningekifuta. Kanuni zinahesabu kwamba mchezaji amecheza hata kama hakuingia uwanjani, mradi ameonyeshwa kadi. Yaani mtu anapata kadi ya njano akiwa amekaa benchi kwa kumfokea mwamuzi, unapewa hasara ya pointi 1, na mbadala wako anazuiwa. Huyo hakucheza. Aitwe hivyo.

Upande wa futiboli ya Kimarekani mambo ni magumu zaidi, na huko ndiko kanuni mbovu hufanya madhara makubwa. Mlango haufungwi mara moja. Kila mchezaji anafungwa mechi yake inapoanza, na wiki inasambaa kuanzia Alhamisi usiku, Jumapili karibu kutwa nzima, hadi Jumatatu usiku. Timu za NFL, ligi kuu ya mchezo huo, hutangaza orodha ya wasiocheza dakika 90 kabla ya mechi. Ndiyo maana ligi nyingi za kirafiki zinasema hazihitaji mbadala anayeingizwa na mfumo wenyewe: taarifa unayo, saa moja na nusu unayo, mbadilishe mwenyewe.

Hoja hiyo ina nguvu, ila inawafaa wenye nafasi ya kukodolea simu macho saa ile. Kuna wanaokuwa kazini, kuna wanaokuwa ibadani, na kuna wanaoishi mbali na Marekani kiasi kwamba mechi ya Jumapili usiku ya kule kwao ni alfajiri ya Jumatatu. Halafu orodha yenyewe haimalizi kila kitu. Mchezaji anaweza kutajwa kuwa yumo, akaumia akipasha misuli moto, asicheze. Na anayecheza Jumatatu akienguliwa dakika za mwisho, wachezaji wako wengine wote wanaweza kuwa wamekwisha kucheza Jumapili. Unabaki na dakika 90 na huna wa kumweka.

Kwa hiyo mbadala aliyetajwa mapema anahitajika huko pia. Lakini kabla ya kunakili FPL, tazama tundu hili. Mkimbiaji wako wa Jumatatu, yaani mchezaji ambaye kazi yake ni kukimbia na mpira, ana mashaka ya kucheza. Unamtaja mbadala anayecheza Jumapili, naye analipuka na pointi 28. Jumatatu mkimbiaji anathibitishwa kuwa fiti. Mjanja atafanya nini? Atamtoa mkimbiaji, aweke kwenye nafasi ile mchezaji mwingine wa Jumatatu ambaye tayari yumo kwenye orodha ya wasiocheza, na mfumo utamletea pointi 28 za Jumapili. Kanuni haijavunjwa popote, na mpinzani ameibiwa mchana kweupe. FPL haina tundu hili kwa sababu mlango wake ni mmoja kwa wote. Ligi yenye milango mingi lazima ilizibe yenyewe.

Njia ya kuziba ni kumfunga mbadala kwenye jina la mtu, isiwe kwenye nafasi. Unaandika: Fulani asipocheza, aingie fulani. Mechi ya mmoja wao ikianza, maandishi yameganda. Ukimwondoa yule wa kwanza kikosini baada ya hapo, umempoteza na mbadala wake. Mbadala awe anafaa nafasi ile, kwotabeki (mrushaji mpira anayeongoza mashambulizi) kwa kwotabeki, na jina moja halitumiki kwa watu wawili. Kipimo cha kutocheza kiwe kutoshiriki hata mara moja uwanjani, ili aliyeumia wakati wa kupasha misuli naye ahesabike. Aliyeumia kwenye shambulizi la kwanza hana mbadala, kama vile yule wa dakika ya 89 wa FPL. Ligi ikiwa kwenye programu isiyo na kitu hiki, ujumbe kwenye kundi la ligi, ambako kila mtu anauona pamoja na saa yake, unatosha kabisa. Ujumbe wa faragha kwa msimamizi usikubaliwe.

Halafu kuna lile ambalo kanuni nyingi hazikuliwaza. Tarehe 2 Januari 2023 mechi ya NFL kati ya Buffalo Bills na Cincinnati Bengals ilisimamishwa robo ya kwanza, baada ya Damar Hamlin, mchezaji wa Bills, kuanguka uwanjani moyo wake ukiwa umesimama. Usiku ule maisha yake ndiyo yalikuwa jambo la maana, na ni faraja kubwa kwamba alipona na akarudi kucheza. Siku chache baadaye NFL iliamua mechi hiyo haitamaliziwa. Ilikuwa wiki ya 17, wiki ambayo ligi nyingi za fantasi huchezea fainali, na katika mechi ile walikuwemo nyota ambao wengi huwapanga, Josh Allen, Joe Burrow, Stefon Diggs na Ja'Marr Chase. Walishaingia uwanjani, kwa hiyo kwa kipimo chochote cha kawaida walikuwa wamecheza. Kila ligi ikajiamulia: wengine walihesabu pointi zilizokuwepo, wengine wakagawana ubingwa.

Mimi ningeandika hivi: mechi iliyofutwa na wenye ligi bila kumaliziwa ihesabiwe kama haikuchezwa, na mbadala waliotajwa waingie. Anayependelea kuhesabu pointi zilizopatikana hadi filimbi ya mwisho ana hoja pia, na sitamgombeza. Nitakachokataa ni kuamua hilo usiku uleule, wakati kila mjumbe tayari anajua kura yake itampa kombe nani.

Limebaki suala la timu zilizotelekezwa. Kwenye ligi za ana kwa ana, ambako kila wiki timu mbili hupambanishwa, mwenye timu akikata tamaa katikati ya msimu anaacha kikosi chenye majeruhi watatu, na kila atakayekutana naye kuanzia hapo anaokota ushindi wa bure ambao waliokutana naye mapema hawakuupata. Wapo wanaopendekeza msimamizi ampangie kikosi. Sikubali, kwa sababu msimamizi naye ana timu kwenye msimamo uleule, na hata akipanga kwa moyo safi hataaminiwa. Benchi inayojiendesha inapunguza tatizo hilo angalau kwa wiki kadhaa bila mtu kugusa chochote. Kwa sababu hiyo sitaki mbadala azuiwe eti mchezaji alijulikana kuwa majeruhi tangu Ijumaa na mwenye timu alizembea. Ukimwadhibu mzembe kwa sifuri, anayefaidika ni mpinzani wake wa wiki hiyo, na anayeumia ni mtu wa tatu anayegombea nafasi na huyo mpinzani.